Jua Halizami Tromsø: Magharibi Tunaiswali Saa Ngapi?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, walimu wetu wa safu hii.

Mimi ni muuguzi, naishi Tromsø, kaskazini ya Norway, pamoja na mume wangu na watoto wawili. Kiangazi kilichopita kimetuvuruga nyumba nzima. Kwa miezi miwili jua lilikuwa linatuzunguka tu bila kuzama, na programu ya nyakati za swala kwenye simu yangu ikawa inaonyesha vistari mahali pa Magharibi na Alfajiri. Mume wangu akaamua tufuate adhana ya Makka mubashara kwenye televisheni: ikiadhiniwa kule, sisi huku tunatandika miswala, swala zote tano. Jirani yetu anafuata ratiba ya Oslo. Mwenzangu kazini, naye Mwislamu, ananiambia pasipo machweo hakuna Magharibi, kwa hiyo mwezi wa Juni yeye huswali Adhuhuri na Alasiri, basi.

Baridi ikiingia mambo yanageuka. Tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Zamu yangu ya asubuhi ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tisa na nusu alasiri. Naambiwa Adhuhuri na Alasiri zote zinaingia humo humo, na kuna siku wodi imejaa nakosa hata dakika tano za kuchepuka mara mbili.

Kijana wangu wa miaka 12 amenuia kufunga Ramadhani nzima. Ananiuliza tutafuturu kwa jua lipi. Mama yangu mzazi nikimweleza kwa simu anasema tunachezea swala.

Naomba mnijibu kwa urefu. Nani tumfuate kiangazi, na baridi tufanyeje? Ramadhani tufunge kwa saa zipi? Na zile swala tulizoswali kwa adhana ya televisheni, tuzilipe?

Mama Wawili, Tromsø

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yetu.

Kabla ya kuuliza nani afuatwe, tazama kwanza jua lenyewe linafanya nini hapo mlipo, maana tatizo lenu ni dogo kuliko linavyoonekana. Kiangazi hamkosi alama za swala tano. Mnakosa alama za tatu, na baridi mnakosa nyingine, wala si zote zile zile. (Saa zote humu ni za Kiswahili kwa majira ya Norway. Hesabu zimekaribishwa kwa dakika, kwa hiyo ongeza mbili tatu za tahadhari.)

Tuchukue 21 Juni. Tromsø iko karibu nyuzi 69.65 kaskazini ya ikweta. Siku hiyo, katikati ya mchana jua hupanda hadi kama nyuzi 44 upande wa kusini, na usiku wa manane hushuka hadi nyuzi 3 tu juu ya upeo upande wa kaskazini. Halizami, lakini linapinduka. Linavuka mstari wa kusini saa 6:46 mchana, na likishapinduka tu Adhuhuri imeingia kama inavyoingia popote duniani. Simika kijiti cha mita 1 mahali tambarare: wakati huo kivuli chake ni kama mita 1.04. Alasiri kwa Mashafii huingia kivuli kikirefuka kwa kimo cha kijiti juu ya kile cha kupinduka, yaani kikifika mita 2.04, na hilo hutokea kama saa 11:57 jioni. Alama hizo mbili zipo, unaziona kwa macho yako, hazihitaji fatwa ya mtu. Kinachokosekana ni machweo, kutoweka kwa wekundu wa magharibi na kuchomoza kwa alfajiri ya kweli. Hizo ndizo Magharibi, Isha na Alfajiri.

21 Desemba ni kinyume chake. Katikati ya mchana jua liko nyuzi 3 chini ya upeo, hulioni, lakini bado linavuka mstari wa kusini, saa 5:42 asubuhi, na mwanga wa upande wa kusini ndipo unapofikia kilele. Mapema siku hiyo, saa 12:28, jua lilikuwa nyuzi 18 chini ya upeo likipanda. Hiyo ni alfajiri ya kweli, na penye giza pasipo taa wala mawingu inaonekana ikitanda upande wa mashariki. Saa 10:43 jioni jua limeshuka nyuzi 17 chini, mwanga wa magharibi umekwisha, Isha imeingia. Baridi, basi, Alfajiri, Adhuhuri na Isha zina alama. Zinazopotea ni mawio, kivuli cha Alasiri na machweo ya Magharibi.

Kanuni ya kushika ni hii: alama iliyopo inafuatwa, iliyokosekana inakadiriwa, na kukadiria kwenyewe kuwe kwa mfumo mmoja mwaka mzima. Msingi wake ni hadithi ya An-Nawwas bin Sam'an katika Sahihi Muslim kuhusu Dajjali. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alitaja siku itakayokuwa ndefu kama mwaka. Masahaba wakauliza habari za swala: je, siku hiyo itatutosha swala ya siku moja? Akasema hapana, ikadirieni kwa kadiri yake. Jua litakuwa limekaa pale pale na swala zitaendelea kuhesabiwa.

Kwa hiyo mwenzako wa kazini amekosea, ingawa hoja yake si ngeni. Mwanachuoni wa Kihanafi al-Baqqali alisema watu ambao wekundu hauzami kwao hawana wajibu wa Isha, kama asiye na mikono asivyowajibika kuiosha katika udhu. Kamal ibn al-Humam, Mhanafi mwenzake aliyefariki 1457, akamjibu kwamba mkono uliokatwa ni mahali pa faradhi pamekosekana, ilhali wakati ni alama tu ya faradhi, na alama ikipotea faradhi inabaki kwa dalili nyingine: swala tano zilizofaradhishwa kwa watu wote wa pande zote, na hadithi hiyo ya Dajjali. Jibu la Ibn al-Humam ndilo tunaloliona lina nguvu, na kwa madhehebu yetu ya Kishafii hakuna mlango wa kuiacha hata moja. Imam an-Nawawi anasema wazi kwamba ambao wekundu hauzami kwao wataikadiria Isha kwa muda ambao wekundu huzama katika nchi ya karibu nao.

Sasa televisheni. Kufuata Makka ni rai ya wanavyuoni, Dar al-Ifta, taasisi ya fatwa ya Misri, ni miongoni mwa walioitoa kwa nchi zenye mchana mrefu kupita kiasi. Lakini rai hiyo inachukua urefu wa nyakati za Makka, haimaanishi uswali dakika ile ile muadhini wa Makka anapoadhini. Tazama kinachotokea mkifanya hivyo. Tarehe 21 Juni Adhuhuri ya Makka huingia saa 6:23 mchana, na Makka iko mbele yenu kwa saa moja kiangazi, kwa hiyo kwenu ni saa 5:23 asubuhi. Jua la Tromsø halijapinduka, limebakiza saa 1 na dakika 23. Alasiri ya Makka ni saa 9:43, kwenu 8:43 mchana, wakati kivuli chenu kitatimia saa 11:57. Mmeswali zaidi ya saa tatu kabla. Magharibi ya Makka ni saa 1:06, kwenu 12:06 jioni, yaani dakika 9 baada ya Alasiri yenu kuingia. Hata ukirekebisha ukatumia tarakimu za saa ya Makka kwenye saa ya Norway, Adhuhuri ya 6:23 bado inatangulia kupinduka kwa dakika 23. Kosa ni lile lile: mmeacha alama iliyopo dirishani kwenu mkafuata ya mji mwingine.

Jirani wa Oslo naye anakopa kwa mkopaji. Oslo iko karibu nyuzi 59.9. Usiku wa 21 Juni jua linashuka huko chini ya upeo kwa nyuzi 6.7 tu, na nyuzi 18 hazifikiwi tangu mwishoni mwa Aprili hadi Agosti kuelekea tarehe 20. Ina machweo ya kweli, hilo ni kweli, lakini Isha na Alfajiri yake kiangazi nazo ni za makadirio. Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe kwa mji wowote wa kaskazini: 90, toa latitudo, toa nyuzi 23.44. Ukipata pungufu ya 18, mji huo una siku ambazo Isha ya nyuzi 18 haiingii. London inatoka 15.06, ndiyo maana hata huko misikiti miwili ya mtaa mmoja inaweza kupishana zaidi ya saa nzima katika Isha ya Juni, na kila mmoja una hoja yake.

Na vistari kwenye simu vina sababu. Programu nyingi zina sehemu ya latitudo za juu yenye kanuni tatu: katikati ya usiku, sehemu ya saba ya usiku, au mgao kwa pembe. Zote zinagawa usiku, na usiku ni kutoka machweo hadi mawio. Kwa Oslo zinafanya kazi. Kwa Tromsø ya Juni hakuna usiku wa kugawa, kwa hiyo programu ama inaweka vistari au inatoa nyakati za ajabu ajabu. Usihangaike kubadilisha mipangilio hiyo.

Tunachopendekeza ni njia ya Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), Makka, kwa uamuzi wake wa 1986. Baraza liligawa latitudo za juu mafungu matatu: kati ya 45 na 48, kati ya 48 na 66, na juu ya 66. Fungu la tatu, ambalo ndilo lenu, alama zinapopotea nyakati hukadiriwa kwa kulinganisha na latitudo 45, ambapo usiku na mchana vipo na alama zote zinaonekana mwaka mzima. Ubora wake ni kwamba majira yanabaki: kiangazi mchana wako bado mrefu, baridi bado mfupi, bila kufikia mahali pa kumshinda binadamu.

Kuitekeleza huhitaji mnajimu. Mji wa Novi Sad, Serbia, uko latitudo 45.25, unatumia majira yale yale ya saa kama Norway, kiangazi na baridi, na uko mashariki kidogo ya mstari wenu, jua linaupita kama dakika 4 kabla ya Tromsø. Ongeza Novi Sad kama mji wa pili kwenye programu yako, weka pembe ya nyuzi 18 kwa Alfajiri na 17 kwa Isha, kisha kila wakati unaousoma hapo jumlisha dakika 4. Tarehe 21 Juni utapata Alfajiri saa 8:24 usiku, mwisho wake (mawio ya kukadiria) saa 10:58, Magharibi saa 2:34 usiku na Isha saa 4:55. Adhuhuri na Alasiri usizichukue Novi Sad, chukua za Tromsø yenyewe, programu inazionyesha sawasawa hata jua lisipozama. Mchanganyiko huo unakaa vizuri: 6:46, 11:57, 2:34, 4:55, 8:24. Hakuna swala inayoipanda nyingine.

Panapoleta fujo ni kingo za msimu. Mwanzoni na katikati ya Mei jua bado linazama Tromsø, ila usiku sana, na siku za mwisho kabla ya jua la saa 24 linazama baada ya saa sita za usiku. Ukichukua Magharibi ya jua lenu halisi na Isha ya Novi Sad utajikuta Isha inatangulia Magharibi, jambo ambalo tunalisikia kila mwaka kutoka kaskazini. Maadamu jua linazama, Magharibi ni kuzama kwake. Subiri lizame, swali Magharibi, unganisha na Isha papo hapo, kisha Alfajiri kabla halijachomoza. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti limeruhusu kukusanya Magharibi na Isha kiangazi pale Isha inapochelewa sana au alama yake inapokosekana, na desturi hiyo ni kongwe. Ahmad ibn Fadlan, aliyetumwa kutoka Baghdad na kufika kwa Wabulghari wa mto Volga mwaka 922, alikaa hemani akisubiri adhana ya Isha. Aliposikia adhana akatoka nje, akakuta alfajiri imekwisha chomoza. Muadhini akamwambia Isha wao huiswali pamoja na Magharibi, na kwamba yeye mwenyewe ana mwezi hajalala usiku kwa kuogopa Alfajiri isimpite.

Siku ya kuhama kutoka jua lenu kwenda makadirio, na ya kurudi, ipangwe mapema na jamaa wa msikiti na itangazwe. Jua la Tromsø huacha kuzama karibu 20 Mei na hurudi kuzama karibu 22 Julai, ingawa milima inaweza kuwadanganya macho. Tumieni kalenda ya falaki, msitumie dirisha la jikoni. Kama msikiti wenu tayari una ratiba iliyopangwa na wanavyuoni kwa njia nyingine, mfano urefu wa nyakati za Makka, ifuateni hiyo katika Magharibi, Isha na Alfajiri, msijitenge. Ila Adhuhuri na Alasiri hakikisheni ni za jua la hapo.

Baridi sasa. Kwa 21 Desemba, Novi Sad pamoja na dakika 4 inakupa Alfajiri saa 11:32, mawio saa 1:19 asubuhi, Alasiri saa 7:48 mchana, Magharibi saa 10:05 na Isha saa 11:46 jioni. Lakini tulisema alfajiri ya kweli ya Tromsø siku hiyo ni saa 12:28. Ukiswali saa 11:40 kwa ratiba, anga lako bado ni usiku. Wanaoshika uamuzi wa Baraza kwa jumla watakwambia inatosha. Sisi tunakushauri uswali kati ya saa 12:30 na 1:15, dakika ambazo ni halali kwa hesabu zote mbili, na unaingia kazini saa moja na nusu umeshamaliza. Isha hivyo hivyo: ukiswali baada ya saa 11:46 hakuna atakayekupinga. Adhuhuri ni ya jua lenu, 5:42 asubuhi. Usishangae Adhuhuri kuwa “asubuhi”, saa ya ukutani ni makubaliano ya serikali tu.

Zamu yako inakubana Adhuhuri na Alasiri, Magharibi inakukuta umetoka. Kati ya 5:42 na 7:48 una zaidi ya saa mbili za Adhuhuri, na Alasiri inaendelea hadi 10:05, nusu saa na ushei baada ya zamu kuisha. Kwa hiyo siku nyingi unahitaji nafasi moja tu kazini: Adhuhuri wakati wa mapumziko ya chakula, Alasiri mara unapovua sare, kabla ya kupanda basi. Omba chumba kabla ya basi, si baada, kwa sababu basi likichelewa hiyo nusu saa inayeyuka. Siku ambayo Adhuhuri nayo imeshindikana kwa mgonjwa mahututi, kusanya zote mbili. Ibn Abbas amepokea kwamba Mtume alikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, akiwa Madina, bila hofu wala mvua, na Ibn Abbas alipoulizwa sababu akasema Mtume alitaka asiutie umma wake mashaka. Kauli inayotegemewa kwa Mashafii haikubali kukusanya kwa kazi, lakini miongoni mwao al-Qaffal na Ibn al-Mundhir waliruhusu kwa haja, kwa sharti isifanywe mazoea. Hilo sharti lishike kweli. Muuguzi anayekusanya kila zamu kwa sababu ni rahisi amevuka mpaka wa hao waliomruhusu.

Ramadhani ndiyo inayomsumbua kijana, na habari yake ni njema. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua. Ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu 8 Februari, na siku hizo Tromsø ina mawio na machweo kamili. Kwa 8 Februari alfajiri ni kama saa 11:12 na jua linazama kama saa 9:07 alasiri: saumu ya pungufu kidogo ya saa 10. Futuruni kwa jua la Tromsø, msitafute la Makka wala la Novi Sad, hata kama ndugu zenu wengine wanafunga saa 13 na 14. Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia liliamua 1978 kwamba penye usiku na mchana ndani ya saa 24 saumu ni kutoka alfajiri hadi machweo ya hapo, uwe mchana mrefu au mfupi. Anayefuatilia hukumu hiyo inapomlazimisha saumu ndefu, inampa haki ile ile inapompa fupi.

Mtihani unakuja 2030, mwaka ambao unatarajiwa kuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza karibu 5 Januari na nyingine karibu 26 Desemba, zote zikigusa siku za giza. Hapo mtajizuia kwa Alfajiri ya Novi Sad pamoja na dakika 4, ambayo ndiyo ya mapema na ya tahadhari, na kufuturu kwa Magharibi yake. Kwa mfano wa 21 Desemba ni kutoka 11:32 alfajiri hadi 10:05 jioni, saa 10 na nusu. Swala ya Alfajiri yenyewe isubirini hadi 12:30 kama tulivyoeleza. Ramadhani ya jua lisilozama haitawafikia hadi katikati ya miaka ya 2040, kijana wako atakuwa baba wa watu. Siku akiuliza tena, saumu ya 21 Juni kwa njia hii ni kutoka 8:24 usiku hadi 2:34 usiku unaofuata, kama saa 18. Asiyeiweza kwa ugonjwa au kazi ya kuhatarisha maisha anafungua na kulipa siku fupi.

Mwisho, swala za televisheni. Magharibi, Isha na Alfajiri mlizoswali hazilipwi. Alama hazikuwepo, mlikadiria, na makadirio yakibadilika hayabatilishi yaliyopita. Adhuhuri na Alasiri ni jambo jingine, kwa sababu wakati wake ulikuwa unajulikana na mmeswali kabla yake kwa yakini. Lakini vitabu vya Kishafii vimenukuu fatwa ya al-Barizi kuhusu mtu aliyekaa miaka 20 akiiswali Subuhi kabla ya wakati bila kujua: hana deni ila la swala moja, kwa sababu Subuhi ya kila siku inahesabiwa malipo ya siku iliyotangulia. Kwa fatwa hiyo, kila mmoja wenu analipa Adhuhuri moja na Alasiri moja, ile ya siku ya mwisho mliyofuata televisheni, maadamu nia zenu hazikuifunga swala kwa kutaja “ya leo”. Kama ulikuwa unataja, au moyo hautulii, lipa zote kwa utaratibu: kila Adhuhuri iongezee Adhuhuri moja ya kulipa, kila Alasiri vivyo hivyo, na miezi miwili ya kiangazi itakuwa imelipika kwa miezi miwili. Mwenzako wa kazini hana njia hiyo ya mkato. Yeye ana Magharibi, Isha na Alfajiri za kila siku aliyoziacha, na azianze leo.